Barafu au mafuta ya nazi? Kuchagua majaribio ya kufundishia hali za maada

Nilipohamishwa kutoka Pangani kwenda Njombe nilibeba chupa mbili za mafuta ya nazi, moja ya kupikia na nyingine ya kujipaka. Niliondoka nayo yakiwa majimaji, yanacheza chupani kwa kila tuta la barabara. Asubuhi ya tatu, mwezi wa Juni, niligeuza chupa juu chini na hakikudondoka kitu. Mafuta yalikuwa meupe, magumu kama nta. Nilikuwa nimefundisha hali za maada, yaani kitu kuwa yabisi (kigumu), kimiminika au gesi, kwa miaka sita pwani nikitumia barafu peke yake, na asubuhi ile niliona kwamba miaka yote sita nilikuwa nikifundisha nusu ya somo.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila kitu ambacho mwalimu wa shule ya msingi anaweza kukipata bila maabara: barafu, mafuta, nta, jiko la mkaa, mabomba ya sindano, maputo, magadi. Mengine yamefaulu, mengine yaliwafurahisha watoto na kuwaacha wamepotea kuliko walivyokuja. Nitayalinganisha mawili mawili, kwa sababu ndivyo uchaguzi unavyomjia mtu: kipindi ni dakika 40, watoto ni 70, na pesa ni ya mfukoni mwako.

Nianze kwa kusema ninachokitafuta. Nataka jaribio ambalo mtoto atalishika kwa mkono wake, si la kumtazama mwalimu akihangaika mbele ya ubao. Nataka kitu kibadilike hali kisha kirudi kilivyokuwa, bila kuongezewa chochote, ili mtoto aone kwamba ni kitu kilekile. Na kuliko yote nataka jaribio lisilomwachia mtoto wazo la uongo, maana wazo alilolipata kwa macho yake mwenyewe halifutwi kwa chaki.

Kwa mwenye haraka, hali iko hivi:

| Jaribio | Vifaa | Muda | Anayeshika | Tahadhari |
|---|---|---|---|---|
| Barafu ya maji | friji, au duka la jirani | dakika 20 hadi 40 kuyeyuka, usiku mzima kuganda | kila mtoto | hakuna ya kutisha |
| Mafuta ya nazi | kijiko kimoja kwa kila kundi | dakika 2 kuyeyuka, kama 15 kuganda | kila mtoto | utelezi sakafuni |
| Maji ya kuchemka | jiko, sufuria, mfuniko | dakika 20 | mwalimu peke yake | kuungua |
| Maji kwenye sinia juani | sinia, maji, jua | saa 1 au zaidi | kila kundi | hakuna |
| Bomba la sindano | bomba jipya, bila sindano | dakika 5 | kila mtoto | la kuokota ni marufuku |
| Magadi na ndimu | chupa, puto | dakika 5 | kila kundi | macho |

Barafu na mafuta ya nazi

Barafu ina sifa moja ambayo hakuna kitu kingine kinachoifikia: kila mtoto anaijua tayari. Ameinunua ya ubuyu getini kwa shilingi 100 au 200, ameinyonya hadi rangi yote ikatoka na kubaki kipande cheupe kisicho na ladha. Ukimpa kipande cha barafu kiganjani anaanza kuzungumza kabla hujamuuliza. Baridi inauma, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko, na yabisi imekuwa kimiminika mbele yake. Kwa darasa la tatu, siku ya kwanza ya mada hii, sijaona mwanzo mzuri kuliko huo.

Shida zake zinaanza pale unapotaka kwenda mbele. Ya kwanza ni kurudi. Kuyeyuka kunaonekana darasani, kuganda hakuonekani. Maji yanapelekwa kwenye friji ya mtu, umeme ukiwa upo, na kesho yake barafu inaletwa. Mtoto hajaona kitu kikigeuka. Ameona maji jana na barafu leo, na anayekuamini anakuamini kwa sababu wewe ni mwalimu.

Ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo niliyoikosa kwa miaka sita. Maji ni kitu cha ajabu. Karibu kila kitu kikiganda hujikunja, huchukua nafasi ndogo kuliko kilivyokuwa kimiminika. Maji hufanya kinyume: yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Ndiyo maana chupa uliyoijaza hadi mdomoni hupasuka kwenye friza, na ndiyo maana barafu huelea kwenye glasi. Mtoto aliyefundishwa kwa barafu tu huondoka akiamini kwamba yabisi huelea juu ya kimiminika chake, na kwamba vitu vikiganda huvimba. Amejifunza kanuni kutoka kwa kitu ambacho hakiifuati kanuni.

Mafuta ya nazi yanaifuata. Yanayeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na namba hiyo ni zawadi kwa mwalimu wa Tanzania, kwa sababu inapita katikati ya nchi yetu. Tanga, Dar es Salaam na Mtwara mafuta ni kimiminika karibu mwaka mzima. Njombe, Makete na Lushoto ni yabisi miezi ya baridi. Ngozi ya kiganja iko juu ya nyuzi 30. Kwa hiyo huku nyanda za juu mtoto anachukua kipande cheupe kwa kijiko, anakiweka kiganjani, na kabla hajamaliza kuhesabu hadi mia kinaanza kulainika, kinang'aa, kinatiririka. Anakimimina kwenye kizibo cha soda, anakiweka dirishani penye upepo, anaendelea na hesabu zake, na kabla kengele haijalia kimekuwa cheupe tena. Anaweza kurudia mara tano na harufu ni ileile ya nazi. Hakuna friji, hakuna moto, hakuna aliyekaa nyuma ya darasa asiyeona.

Waambie watazame kizibo kilichoganda kwa makini: katikati pana kibonde. Mafuta yamejikunja. Kisha weka kipande kigumu kwenye mafuta yaliyoyeyuka lakini yasiyo ya moto. Kinazama. Darasa langu la sasa liliuona mzamo huo kabla ya kuona barafu ikielea, na siku barafu ilipoletwa mtoto mmoja wa dawati la nyuma alisema kwa sauti ya kulalamika, "Mwalimu, mbona hii haizami?" Swali hilo halijawahi kuulizwa katika miaka yangu yote ya barafu pekee.

Mafuta nayo yana kasoro zake. Hayayeyuki yote kwa mpigo kama barafu safi inavyofanya kwenye nyuzi 0, kwa sababu ni mchanganyiko wa mafuta ya aina kadhaa. Hulainika kwanza, na kuna muda mtoto hawezi kukuambia kama ni yabisi au kimiminika. Pia yanabadilika rangi, kutoka meupe hadi maangavu, na wapo watakaodai kimekuwa kitu kingine. Wanusishe. Na ukiwa pwani mwezi wa Februari utasubiri hadi jioni bila kuona yakiganda.

Hapo ndipo barafu inapata kazi yake halisi. Pwani usichague moja kati ya hizo mbili: weka mafuta kwenye kizibo, kiweke kizibo kielee juu ya maji yenye vipande vya barafu, na mafuta yataganda mbele ya macho ya watoto wakati barafu inayeyuka chini yake. Kimoja kinatoa joto, kingine kinalipokea. Kwa mtoto wa darasa la tano hilo ni somo zima la joto bila ubao.

Bado kuna jambo moja ambalo ningechagua barafu bila kufikiri mara mbili, nalo ni matone yanayotokea nje ya kikombe. Kila mwaka mtoto atasema, "Mwalimu, kikombe kinavuja!" Huwezi kumshinda kwa maneno. Tumia barafu ya ubuyu, nyekundu kabisa, ndani ya kikombe cha plastiki kinachoonyesha. Matone ya nje ni maangavu, na akiyaonja hayana utamu wala ukali. Kama yangevuja kutoka ndani yangekuwa mekundu. Basi yametoka wapi? Waache wabishane, jibu la mvuke ulio hewani watalifikia wenyewe wakipewa muda. Ukipima uzito wa barafu kabla na baada ya kuyeyuka ili kuonyesha kwamba haupungui, fuata tahadhari hiyohiyo: funga barafu kwenye mfuko na ufute matone ya nje kabla ya kupima, la sivyo pwani mfuko utazidi uzito na utajikuta unafundisha kinyume.

Kwa wenye friji shuleni lipo jaribio jingine linalovutia. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba, akiwa shule ya sekondari Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliuweka mchanganyiko wake wa maziwa kwenye friza ukiwa bado wa moto, nao ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza kwa nini, alichekwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alilirudia swali mbele ya Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 walichapisha matokeo yao pamoja. Hadi leo wanasayansi duniani wanabishana kuhusu lini jambo hilo hutokea na kwa nini, na wengine kama linatokea kweli. Kisa hiki nakisimulia kila mwaka. Jaribio lenyewe silifanyi katika kipindi, kwa kuwa matokeo yake hayatabiriki na linachukua saa nyingi. Linaifaa klabu ya sayansi, watoto kumi, vikombe viwili na daftari la kuandika saa.

Neno linalotuponza

Lugha yetu ina mtego ambao walimu wengi hatuuoni kwa sababu tumekulia ndani yake. Tunasema barafu imeyeyuka. Tunasema pia sukari imeyeyuka kwenye chai. Neno ni moja, mambo ni mawili. Barafu imebadilika hali, hakuna kilichoongezwa zaidi ya joto. Sukari haikubadilika kuwa kimiminika kama barafu, imemumunyika, imetawanyika ndani ya maji hadi isionekane, na sasa una mmumunyo. Ukimwuliza mtoto atoe mfano wa yabisi kuwa kimiminika atakuandikia sukari kwenye chai, na kwa Kiswahili cha nyumbani kwao hajakosea.

Kwa hiyo silitumii jaribio la chumvi au sukari na maji katika wiki ya kwanza ya mada hii, ingawa ndilo rahisi kuliko yote na vitabu vingi hulianzisha mapema. Nalisubirisha mpaka watoto wameshika mafuta na barafu. Baada ya hapo ninaweka vijiko viwili mezani, kimoja cha mafuta magumu na kimoja cha chumvi, na kuuliza kipi kinahitaji maji ili kibadilike na kipi kinahitaji joto tu. Wakishaona tofauti, neno "kumumunyika" linaingia lenyewe.

Sufuria na sinia

Kwa kimiminika kuwa gesi una njia mbili: kuchemsha, au kuacha jua lifanye kazi.

Sufuria juu ya jiko ni ya haraka na ya kishindo. Maji yanaungurumisha mfuniko, mvuke unapanda, ukiufunika mfuniko wa baridi matone yanajikusanya chini yake na kudondoka. Uvukizi na utoneshaji, yaani maji kuwa mvuke na mvuke kurudi maji, kwa pamoja, ndani ya dakika chache. Ukiwa na kipimajoto utaonyesha jambo la kupendeza: pwani maji yanachemka karibu na nyuzi 100, hapa Njombe karibu na mita 2,000 juu ya usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa kuwa kila ukipanda mita 300 hivi kiwango hushuka kwa takribani nyuzi 1. Watoto wa huku wanajua maharage huchelewa kuiva. Sasa wanajua sababu mojawapo.

Lakini mtoto hashiki chochote, na hapaswi kushika. Mvuke unaunguza kuliko maji ya moto yenyewe, kwa sababu ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto lote lililotumika kuufanya mvuke. Jiko la mkaa nalo halifai kuwashwa ndani ya darasa lililofungwa madirisha, hewa yake ya sumu haina harufu. Mimi hulifanya nje, chini ya mti, nimechora duara la chaki au majivu mita mbili kutoka jikoni, na hakuna anayelivuka.

Tena sufuria inadanganya mara mbili. Watoto hudhani mapovu ya maji yanayochemka ni hewa, kumbe ni maji yenyewe yaliyogeuka gesi. Na ule "moshi" mweupe wanaouita mvuke si gesi: ni matone madogo mno ya maji yaliyokwisha kupoa. Mvuke hasa hauonekani. Uko pale karibu kabisa na mdomo wa birika, katika kile kijinafasi kinachoonekana kitupu kabla weupe haujaanza. Ukitumia birika badala ya sufuria unaweza kuwaonyesha kijinafasi hicho kwa kijiti, na kwa sababu hiyo peke yake nalipendelea birika. Waambie pia kijiko kimoja cha chai cha maji kikigeuka mvuke wote hujaza zaidi ya lita 8. Mfuniko hauruki bure.

Sinia juani ni ya polepole na ya kimya. Zamani nilikuwa namwaga maji sakafuni na watoto wanazungushia chaki kila baada ya dakika 10 kuona dimbwi likipungua. Kila mwaka walisema yamenywewa na saruji, na nikagundua kwamba wana haki, sehemu yake ilinywewa kweli. Sinia la bati halinywi. Weka masinia mawili yenye maji sawa, moja juani na moja kivulini, na la tatu juani likiwa na upepo kama unaweza. Kila kundi linapima kwa rula mwanzo na mwisho. Hakuna kuungua, hakuna gharama, na mtoto anaona jambo ambalo sufuria haliwezi kumwonyesha: maji hayahitaji kuchemka ili yawe gesi. Nguo kwenye kamba hukauka bila kuchemka.

Kwa walio pwani, tumieni maji ya bahari. Lita moja ina takribani gramu 35 za chumvi, hivyo robo kikombe tu inatosha kuacha chembe nyeupe zinazoonekana sinia likikauka. Mkiwa Pangani msichote karibu na mdomo wa mto, nilifanya kosa hilo na chumvi ilikuwa haba, nendeni mbali ufukweni. Watoto wa huko wameona mashamba ya chumvi, wataelewa mara moja. Na kama darasa lako liko Kigoma, una mfano wa sufuria na wa chumvi kwa pamoja: Uvinza watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwenye vyungu kwa karne nyingi. Bahari hukaushwa kwa jua, Uvinza ilikaushwa kwa moto, na kilichobaki chini ni kilekile.

Ukiniuliza lipi, nitasema sinia kwanza, birika baadaye kidogo, na kama huna msaidizi wa kusimamia watoto, birika uliache kabisa.

Bomba la sindano na puto la magadi

Gesi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa kuwa haionekani. Mtoto wa darasa la tatu anaamini chupa isiyo na maji haina kitu. Hapa ndipo walimu wengi hukimbilia puto: unatia magadi kwenye chupa, unamimina maji ya ndimu au siki, unavisha puto mdomoni, linavimba. Darasa linapiga makofi.

Nalipenda kwa sababu watoto wanalipenda, lakini kwa mada hii silichagui, nami nasema hivyo kwa kuwa nimesahihisha madaftari yake. Baada ya jaribio hilo, watoto wengi waliandika kwamba yabisi ukichanganya na kimiminika inakuwa gesi. Ndicho walichokiona. Kumbe hakuna kitu kilichobadilika hali pale: magadi na asidi ya ndimu vimeungana kikemia na kutoa kaboni dioksaidi, kitu kipya ambacho hakikuwemo kwa sura hiyo, na huwezi kukirudisha kiwe magadi na ndimu kwa kukipoza. Ni jaribio zuri la mabadiliko ya kikemia. Lipeleke kwenye mada yake. Na utakapolifanya, tumia magadi ya kupikia mlenda na maharage, kamwe si kostiki ya kutengenezea sabuni, ambayo inachoma ngozi na macho.

Bomba la sindano halina makofi. Unanunua mabomba mapya ya mililita 20 duka la dawa, sindano unaziacha hukohuko, na unawaambia watoto kwa msisitizo kwamba bomba la kuokota haliguswi. Mtoto anavuta hewa hadi alama ya 20, anaziba tundu kwa kidole, anasukuma. Linaingia hadi karibu na 10, kisha linamsukuma na yeye. Akiachia linarudi. Sasa anavuta maji hadi 20, anaziba, anasukuma kwa nguvu zake zote. Halisogei. Weka kipande cha chaki ndani: halisogei likishagusa chaki. Katika dakika 5 mtoto amehisi kwa misuli yake tofauti ya hali tatu: chembe za gesi ziko mbali moja na nyingine na zinaweza kusogezwa, za kimiminika na yabisi zimekwisha kukaribiana. Nimewahi kumwona mtoto mpole sana, ambaye hunyoosha mkono mara moja kwa muhula, akikataa kumpa mwenzake bomba kwa sababu alikuwa bado anajaribu kuyashinda maji.

Kama umeshanunua maputo na hutaki yapotee, lipo jaribio la puto lisilodanganya. Visha puto kwenye mdomo wa chupa tupu, isimamishe kwenye bakuli la maji ya moto, puto linainuka. Ihamishie kwenye maji baridi, linalala. Hakuna kilichoongezwa, hewa ileile imetanuka na kujikunja.

Na kwa wanaouliza kama hewa ina uzito, mlinganisho wa maputo mawili kwenye kijiti naona ni wa bahati, tofauti yake ni ndogo mno na upepo wa dirishani unaivuruga. Chukua mpira wa miguu namba 5 na mizani ya kidijitali ya jikoni. Upime ukiwa umelegea, ujaze pampu hadi uwe mgumu, upime tena. Unaongezeka takribani gramu 5. Hewa imepimwa kwa mizani ya mama mpika maandazi.

Niliyoyaacha

Mshumaa unaonekana kufaa, na nta yake huyeyuka na kuganda vizuri. Lakini sehemu ya nta inaungua na haitarudi, hivyo mtoto anachanganya kuyeyuka na kuwaka. Ukiwa na nta, iyeyushe kwenye kopo lililo ndani ya maji ya moto bila utambi.

Vidonge vyeupe vya kabatini, vile vya kufukuzia nondo, baadhi ya vitabu huvitaja kama mfano wa yabisi inayogeuka gesi moja kwa moja. Msivitumie darasani. Vile vyenye naftalini vinaweza kuharibu chembe nyekundu za damu kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, hali ya kurithi ambayo imeenea sehemu zenye malaria, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anayo.

Kwa watoto wanaodai unga na mchanga ni vimiminika kwa sababu vinamiminika, wape kioo cha kukuzia. Punje moja ya mchanga haichukui umbo la chombo. Inatosha.

Kwa hali yako

Kama una watoto 70 au zaidi, huna umeme, na shule iko nyanda za juu, anza na mafuta ya nazi, kisha sinia, kisha mabomba ya sindano kumi ya kupokezana. Kwa pwani, barafu na mafuta pamoja, kisha maji ya bahari. Mzazi aliye na mtoto mmoja nyumbani ana bahati ambayo mwalimu hana: anaweza kufanya birika, akimshika mkono, akimwonyesha kile kijinafasi kitupu cha mdomoni. Anaweza pia kujaribu swali la Mpemba usiku huo huo. Shule ya mjini yenye fedha isifikirie kwamba vifaa vya kuagiza vitaizidi kiganja cha mtoto na kijiko cha mafuta. Nimeviona, vinameremeta, na watoto huviangalia kwa mbali.

Zile chupa mbili nilizokuja nazo nilizitumia zikaisha. Sasa shangazi wa mwanafunzi wangu mmoja hutuma nyingine kwa basi kutoka Tanga. Mwaka jana chupa ilipofika darasani ikiwa imeganda, mtoto huyo aliuliza: "Mwalimu, yaligandia wapi?" Tulitundika ramani. Chalinze hapana, Morogoro hapana, Ruaha Mbuyuni hapana kabisa, kule ni joto. Nusu ya darasa ikasema mlima Kitonga, kwa sababu hapo masikio huziba. Wengine wakasema Mafinga. Ndipo msichana mmoja, ambaye baba yake ni kondakta, akasimama na kusema hayakugandia njiani popote, ndani ya basi kuna watu wengi na kuna joto, yaligandia stendi ya Njombe usiku, kwenye sakafu ya ofisi ya mizigo. Tukamwomba shangazi atume chupa nyingine, na safari hiyo kondakta aipige chupa picha kila basi linaposimama.